Mjadala: Wanafunzi wanapopelekwa kuona kazi za misitu, mwenyeji awe kampuni?

Mleta mada: Wakuu, ziara za wanafunzi msituni na kwenye viwanda vya mbao naziunga mkono. Ninachopinga ni kampuni kupanga kila kitu. Mtoto anavishwa kofia ngumu, anaonyeshwa mashine mpya, anapigwa picha, anarudi shuleni. Nani kamwambia kwamba ukataji miti ni miongoni mwa kazi zinazoua na kujeruhi watu wengi? Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) Na. 138 wa 1973 unataka mtu awe na miaka 18 kabla ya kushika kazi za hatari. Lisemwe siku hiyohiyo, na msemaji awe mkataji mwenyewe, siyo afisa uhusiano.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, bila kampuni basi la wanafunzi utalipia wewe? Halafu unawatisha bure. Vijana wengi wakisikia misitu wanaona chenso tu. Hawajui kuna anayechagua mbegu, anayechora ramani kwa picha za setilaiti, anayesimamia tanuri la kukaushia mbao. Milwaukee, Marekani, mwaka 2022 lilikamilika jengo la Ascent, ghorofa 25, na nyingi kati yake zimebebwa na mbao. Mhandisi wa jengo lile naye analishwa na msitu.

Mleta mada: Sawa, waonyeshwe hayo. Ila waambiwe pia kwamba ile mashine inayoangusha mti, kuupima na kuukata vipande imechukua kazi ya wakataji kadhaa. Kampuni gani itaanzia hapo?

Mchangiaji wa pili: Mimi ni mwalimu, na naona mnagombania mwenyeji wakati tatizo ni kwamba wanafunzi hawafanyi chochote. Wapeni futi kamba wapime unene wa shina mita 1.3 kutoka ardhini, kama wapimaji wanavyofanya. Wapige hesabu: miche ikipandwa kwa mita 3 kwa 3, hekta moja inabeba kama 1,111. Haiwezi yote kunenepa, lazima mingine ipunguzwe. Sasa waulizeni ipi itoke.

Hapo ndipo kelele zinaanza. Mmoja anataka uondoke uliopinda, mwingine anasema ule mnyoofu umebanwa na majirani, wa tatu anauliza kwa nini tukate mti mzima usio na ugonjwa. Hilo swali la tatu ndilo nalipenda, maana bwana miti hulijibu kila mwaka wa kazi yake, na matokeo ya jibu lake huenda asiyaone: katika nchi za baridi kaskazini msonobari unaweza kuchukua miaka 80 au zaidi hadi kuvunwa. Asiyevumilia hilo atajijua mapema.

Mleta mada: Mwalimu, zoezi nimelikubali. Lakini shamba likiwa la kampuni, nayo inataka magogo manene, mwanafunzi akisema mti fulani ubaki kwa sababu ndege wamejenga humo, nani atamwambia kama kapata au kakosa?