Nextcloud kwenye seva tatu: watumiaji wanarudishwa kwenye nywila, na stima ikikatika databesi haiamki

fundi_makupa

Assalaam alaykum wakuu. Niko kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Ofisi kubwa iko hapa Mombasa, tawi liko Embakasi, Nairobi, kule kontena zinakoshushwa kutoka kwenye reli. Hati za shehena, ankara, picha za lakiri, vyote vinapita WhatsApp na barua pepe, na karani wa zamu ya usiku akitafuta hati moja anakuta nakala nne, hajui ipi ndiyo ya mwisho. Mkurugenzi amekubali tuweke Nextcloud yetu wenyewe, yaani programu ya kuhifadhi na kushirikiana faili kwenye seva zetu. Sharti lake ni kwamba seva moja ikifa, kazi isisimame. Namwelewa kabisa. Kontena likimaliza siku zake za bure bandarini gharama zaanza kuhesabiwa, na mteja hataki kusikia habari ya seva.

Nimepewa seva tatu za aina moja, zote Debian 12. Kila moja ina Apache (seva ya wavuti), PHP 8.2 na MariaDB (databesi), na MariaDB zimeunganishwa kwa Galera, inayofanya zote tatu ziwe na data ileile. Mbele kuna HAProxy, inayowagawa watumiaji kwenye seva, na keepalived inayobeba anwani moja ya IP. Faili zenyewe ziko kwenye seva ya kwanza, nyingine mbili zinazisoma kwa NFS, yaani folda ya pamoja kupitia mtandao. Kwa majaribio zote ziko raki moja hapa ofisini, lakini mpango ni mbili zibaki Mombasa na ya tatu ipelekwe Nairobi, ili hata kebo ikikatika watu wa Embakasi waendelee na kazi.

Sasa shida. Mtu anaingia vizuri, anafungua folda moja au mbili, ghafla anarudishwa kwenye ukurasa wa nywila. Nikizima seva mbili na kubakisha moja, tatizo linaisha. Pia watu wengi wakipandisha picha kwa wakati mmoja, logi inajaa hii:

`SQLSTATE[40001]: Serialization failure: 1213 Deadlock found when trying to get lock`

Halafu wiki hii stima ilikatika, UPS ikaisha kabla jenereta haijashika. Stima iliporudi seva mbili ziliwaka, ya tatu ikabaki imezimika mpaka nilipokwenda kuibonyeza. MariaDB haikuamka hata kwenye moja. Na seva ya pili ikawa inasema folda ya data si halali, ihakikishwe kuna faili la `.ocdata` ndani yake. Faili hilo lipo, naliona kwenye seva ya kwanza! Naomba msaada kabla sijampa mkurugenzi tarehe.

bint_tudor

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Umeeleza vizuri, kwa hivyo nitakujibu kwa urefu.

Anza na watu kurudishwa kwenye nywila. PHP ikiachwa ilivyo, kumbukumbu ya nani ameingia inaandikwa kwenye diski ya seva ileile aliyoingilia. HAProxy ikimpeleka seva nyingine, kule hajulikani. Kuna watu watakwambia umfunge kila mtumiaji kwenye seva yake kwa kidakuzi (cookie). Usikubali, maana hiyo seva ikifa wote waliokuwa juu yake wanatoka, na hicho ndicho mkurugenzi alichokataa. Toa sesheni (hizo kumbukumbu za nani ameingia) kwenye diski, uzipeleke Redis moja, hifadhi ya haraka ndani ya RAM, ambayo seva zote tatu zinaiona:

```
session.save_handler = redis
session.save_path = "tcp://10.10.0.20:6379"
redis.session.locking_enabled = 1
```

Redis hiyohiyo iwe pia ya kufuli za faili, zinazozuia watu wawili kuandika faili moja kwa pamoja. Kwenye config.php weka `memcache.locking` na `memcache.distributed` ziwe Redis, na `memcache.local` ibaki APCu, kashe ya ndani ya kila seva. Kufuli zikibaki ndani ya databesi, makarani wawili wakigusa folda moja unaiongezea Galera mzigo bure.

Lakini kabla ya hayo, fungua config.php ya kila seva ulinganishe mistari mitatu: `instanceid`, `passwordsalt` na `secret`. Lazima ifanane herufi kwa herufi. Nextcloud inatumia hiyo instanceid kuwa jina la kidakuzi cha sesheni. Kama programu iliwekwa upya kwenye kila seva badala ya kunakiliwa kutoka ya kwanza, kila seva inatafuta kidakuzi chenye jina tofauti, na Redis peke yake haitakuponya.

Kuhusu Deadlock: kwa kawaida hapo hakuna kitu kilichokwama. Galera inaruhusu kuandika kwenye seva yoyote, lakini miamala miwili (maandiko ya databesi) ikigusa mstari mmoja kwenye seva mbili tofauti, mmoja unakataliwa wakati wa kuthibitishwa, na programu inaletewa kosa hilo la 1213. Dawa ni kuandikia seva moja tu. Kwenye HAProxy, mlango wa 3306, seva ya kwanza iwe `check`, nyingine mbili ziwe `check backup`, na mpangilio uwe uleule kila mahali. Ya kwanza ikianguka ya pili inachukua. Hakikisha pia `transaction_isolation` ni READ-COMMITTED, Nextcloud yenyewe inaitaka.

Sasa hiyo `.ocdata`, na hapa nakusihi uwe mwangalifu. Seva ya pili iliwaka kabla ya NFS kufunguka, ikaona folda tupu. Faili hilo lipo ili programu ijue iko mahali sahihi. Usiliunde kwa mkono ndani ya folda tupu! Ukifanya hivyo seva itakubali, itaanza kuandika hati za wateja kwenye diski yake yenyewe, na seva nyingine hazitaziona. Halafu NFS ikifunguka juu yake, hata seva hiyo haizioni tena. Hati ya mtu imepandishwa, imeonekana kwenye orodha, ukiifungua haipo. Badala yake mwambie Apache asubiri. `systemctl edit apache2`, kisha:

```
[Unit]
RequiresMountsFor=/srv/data
```

NFS isipofunguka Apache haiwaki, na HAProxy inaipita seva hiyo.

mzee_wa_raki

Kijana, dada amekujibu vizuri kwa upande wa ufundi. Mimi nataka uangalie hiyo NFS tena. Umeweka Apache tatu na databesi tatu, lakini faili zote ziko seva ya kwanza. Hiyo ikifa zote tatu zimekufa. Hapo sharti la mkurugenzi halijatimizwa.

Mna watumiaji wangapi? Kama hawafiki mia, mimi ningeweka seva moja nzuri, ya pili ikipokea ripleka (nakala ya data inayofuata kila badiliko), na bekapu inayojaribiwa kurejeshwa kila mwezi. Klasta, yaani seva kadhaa zinazofanya kazi kama moja, haikulindi na mtu aliyefuta folda. Ikifutwa kwenye moja, imefutwa kwenye zote kwa sekunde hiyohiyo. Na chumba chenu kikoje? Nimefungua seva nyingi hapa kisiwani, miezi ya kaskazi, dirisha la chumba likiachwa wazi kwa sababu kiyoyozi kimechoka, hewa ya chumvi inaingia, na miguu ya plagi za RAM inaota kutu ya kijani. Pesa ya seva ya tatu ingenunua kiyoyozi na betri mpya za UPS.

fundi_makupa

Shukran sana nyote. Dada, nimelinganisha: seva ya tatu ina instanceid yake peke yake. Nimenakili config.php ya kwanza, nafunga Redis leo jioni.

Mzee, watumiaji ni kama sitini, kwa hiyo hoja yako ina uzito. Lakini meli haingoji asubuhi. Usiku niko nyumbani Likoni, na seva ikifa saa nane za usiku mpaka nivuke feri nifike ofisini, zamu nzima imekaa. Ndiyo maana nataka ijiendeshe yenyewe. Kiyoyozi nitakidai, hilo umesema kweli. Na hiyo ya Nairobi mwaionaje?

bint_tudor

Ya Nairobi iondoe kwenye klasta. Hesabu kura. Galera inafanya kazi pale tu wengi wanapoonana. Kebo ikikatika, Mombasa ni mbili kati ya tatu, inaendelea. Nairobi ni moja, inajifunga yenyewe na kila swali inajibu `WSREP has not yet prepared node for application use`. Watu wa Embakasi, ambao ndio uliwafikiria, hawapati kitu. Na siku ambazo kebo ni nzima, kila muamala unaoandikwa Mombasa lazima uende Nairobi na kurudi kabla haujakamilika. Ni karibu kilomita 480, na kupandisha picha moja kwenye Nextcloud ni miamala mingi.

Weka tatu zote Mombasa, ya tatu ikiwezekana chumba kingine, UPS nyingine. Nairobi peleka ripleka ya kawaida isiyongojewa na mtu, pamoja na bekapu ya faili. Ofisi ya Mombasa ikiungua, Mungu apishe mbali, unaiamsha ile ya Nairobi kwa mkono ukiwa umeamua mwenyewe.

Mzee ana haki kuhusu NFS. Kwa watumiaji sitini, njia nyepesi ni DRBD, inayonakili diski kati ya seva mbili, kwa protokali C, ambapo andiko halihesabiki mpaka diski zote mbili zimelipokea, na NFS inahama na anwani yake kwa Pacemaker, inayohamisha huduma seva moja ikifa. Seva ya tatu ipige kura tu bila kubeba data. Kama unafikiria Ceph (hifadhi iliyosambazwa kwenye seva nyingi) na kuhifadhi kwa S3 badala ya folda za kawaida, amua kabla hati halisi hazijaingia. Ukibadilisha baadaye, faili za zamani hazifikiki tena.

Na mwambie mkurugenzi mapema: kupandisha toleo bado kutasimamisha huduma kidogo. Seva zote lazima ziwe na toleo moja la programu, unawasha `maintenance:mode`, unafanya `occ upgrade` kwenye moja, ndipo unafungua.

kilindini_root

Hajajibiwa kuhusu MariaDB kutoamka, kwa hiyo naongeza.

Zote tatu zikizimika kwa pamoja, Galera inakumbuka wanachama wa mwisho kwenye faili la `gvwstate.dat`. Zikirudi zote tatu na kuonana, klasta inajiinua. Yako ya tatu haikuwaka, kwa hiyo mbili zilimngoja mwenzao mpaka zikachoka. Ingia kwenye BIOS ya hiyo seva, tafuta kipengele cha stima inaporudi, ukiweke iwake yenyewe. Pengine hicho tu kingekuokoa.

Ikitokea tena na haziamki, usikimbilie `galera_new_cluster` kwenye seva ya kwanza kwa sababu tu ni ya kwanza. Kwenye kila moja:

`sudo -u mysql mariadbd --wsrep-recover`

Itatoa mstari wa `Recovered position`, mwishoni kuna namba. Yenye namba kubwa ndiyo iliyoona mwisho. Zikilingana, chagua yoyote. Kwenye hiyo moja, fungua `/var/lib/mysql/grastate.dat`, geuza `safe_to_bootstrap` kuwa 1, ndipo `galera_new_cluster`. Nyingine mbili ni `systemctl start mariadb` ya kawaida, moja baada ya nyingine. Ukianzisha kwenye mbili utapata klasta mbili zenye data tofauti, na kuziunganisha ni kutupa moja. Kisha angalia `wsrep_cluster_size` isome 3.

Yaandike haya kwenye karatasi uibandike ndani ya mlango wa raki, maana stima ikikatika maelezo yaliyohifadhiwa ndani ya Nextcloud hutayaona.

fundi_makupa

Namba nimezipata: ya kwanza na ya pili zinalingana, ya tatu iko nyuma. Nimeanzisha kwenye ya kwanza, sasa inasoma 3, na BIOS ya ya tatu nimeirekebisha. Redis inafanya kazi, karani wa zamu ameshinda ndani tangu magharibi bila kurudishwa kwenye nywila. Kesho naanza DRBD. Dada, Redis yenyewe ikifa?

bint_tudor

Redis mbili na Sentinel tatu (zinazoichunga Redis na kuchagua kiongozi mpya), moja kwenye kila seva. Nextcloud iongee na HAProxy, na HAProxy iulize `info replication` ichague ile inayojibu `role:master`. Maliza DRBD kwanza, usivichanganye siku moja.