Jioni mbili za filamu fupi chuoni Iringa: ukumbini au uwanjani?

Kihesa Kilolo:
Wakuu, habari zenu. Klabu yetu ya filamu inaandaa jioni mbili za kuonyesha filamu fupi za wanachuo, mwisho wa Mei. Filamu ziko 14, iliyo ndefu kuliko zote ina dakika 18. Tunategemea watu kama 200. Tuna projekta ya darasani ya lumeni 3,300 (kipimo cha mwanga), spika mbili za inchi 15 za kukodi, miksa ndogo na laptopu. Wapo wanaotaka uwanjani, wapo wanaotaka ukumbi wa mihadhara ambao madirisha yake hayana mapazia. Kipi kina nafuu? Filamu tuzipokee kwa mfumo gani? Na kibali je?

Fundi wa Iyunga:
Ukumbini, mkuu, wala msipige kura. Mwisho wa Mei mvua zimekatika lakini baridi imeingia, na watu wakishakaa kwenye nyasi mpaka saa mbili usiku wanaanza kuchomoka mmoja mmoja. Halafu kuna upepo. Turubai la mita 4 kwa 2.25 lina mita za mraba 9, hilo ni tanga. Upepo wa kilomita 36 kwa saa unalisukuma kwa uzito wa kama kilo 50, na vigingi kwenye udongo mkavu vinang'oka.

Madirisha yasiwatishe. Jua linazama kama saa kumi na mbili na nusu, anzeni saa moja na robo. Kinachoharibu picha ni taa za korido na ile taa ya ulinzi inayopiga dirishani. Zibeni kwa nailoni nyeusi ya ujenzi na utepe wa karatasi wenye gundi.

Picha iwe na upana wa mita 3. Mkiivuta ifike mita 4, eneo linakaribia kuwa mara mbili na mwanga unabaki kama nusu. Projekta nyingi za darasani hukaa umbali wa mara 1.5 ya upana, kwa hiyo hapo ni mita 4.5 hivi, hakikisheni kwenye kitabu cha projekta yenu. Meza iwe katikati kabisa ya skrini. Msitegemee kitufe cha kunyoosha pembe, kinakata sehemu ya picha na kutia ukungu kwenye maandishi. Ukingo wa chini wa skrini uwe mita 1.5 kutoka sakafuni kama ukumbi ni tambarare, la sivyo safu za nyuma zitaangalia visogo.

Sasa hili ndilo watu wa nyanda za juu tunalisahau: mwinuko. Iringa na Mbeya zote ziko juu ya mita 1,500. Hewa ni nyepesi, feni inazunguka lakini haipoozi inavyotakiwa. Ingia kwenye menyu ya projekta, tafuta kipengele kilichoandikwa High Altitude, kiwashe. Bila hicho, projekta inaweza kupata joto na kujizima katikati ya filamu, na kuiwasha tena ni mpaka ipoe. Ukikiwasha feni itavuma zaidi, hivyo acheni viti viwili wazi kila upande wa meza.

Jenereta nayo hivyohivyo, kama mtaitumia. Injini ya kawaida ya petroli hupoteza kama asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko. Ya kilowati 2, hapo Iringa ihesabu 1.6.

Mhariri Uyole:
Mimi nijibu la faili. Waambieni walete faili la MP4 lililobanwa kwa mfumo wa H.264, picha ya nukta 1920 kwa 1080, fremu 25 kwa sekunde, megabiti 20 kwa sekunde, sauti steleo ya 48 kHz. Dakika 18 hapo ni kama GB 2.7. WhatsApp msahau: ukituma kama video inabanwa mpaka nyuso zinakuwa vipande, ukituma kama hati mwisho ni GB 2. Pokeeni kwa flashi mkononi, wiki moja kabla, na kila filamu itazamwe yote kwenye laptopu ileile itakayotumika. Si dakika ya kwanza tu. Sauti mara nyingi huachana na midomo kuelekea mwisho.

Sauti zisawazisheni zote kwenye LUFS -23 (kipimo cha ukubwa wa sauti kwenye programu za kuhariri), kisha unganisheni filamu za jioni moja kuwa faili moja, na sekunde tano za giza kati ya filamu na filamu. Faili hilo litazidi GB 4, kwa hiyo flashi ifomatiwe kwa mfumo wa exFAT, ule wa FAT32 utalikataa. Tafsiri za maandishi zichomwe ndani ya picha kabisa.

Fundi wa Iyunga:
Hapo kwenye faili moja sikubaliani. Mtengenezaji akiitwa mbele kuulizwa maswali, au filamu moja ikigoma, mtahangaika kutafuta pa kuendelea. Faili mojamoja, majina yaanze na 01, 02, mzichezeshe kwa programu ya VLC.

Mhariri Uyole:
Kama kuna maswali baada ya kila filamu, sawa. Ila kwa filamu saba mfululizo, maswali wekeni mwisho.

Mama Soweto:
Kibali: Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4 ya 1976, inahusu kuonyesha hadharani, na kazi ya wanafunzi nayo ni filamu. Anzeni kwa Afisa Utamaduni wa manispaa mapema, mkiwa na orodha ya filamu, dakika zake na muhtasari. Kila mtengenezaji asaini karatasi ya ruhusa, humo aseme muziki aliotumia ni wa nani. Vijana hupachika Bongo Fleva bila kuuliza, na hilo ni suala la hakimiliki. Wala msijazie muda kwa filamu ya akaunti ya kulipia ya mtu; ile ni ya kutazama nyumbani.

Kihesa Kilolo:
Asanteni sana. Tumejaribu leo: kwanza spika kimya kabisa, tulipopata sauti kukawa na mvumo mzito muda wote.

Fundi wa Iyunga:
Kimya ni kebo ya HDMI, inabeba picha na sauti pamoja, kwa hiyo laptopu imepeleka sauti kwenye projekta. Badilisha njia ya kutolea sauti kwenye mipangilio. Mvumo: chomoa chaja, laptopu ibaki na betri. Mvumo ukikatika, ni mzunguko wa ethi, yaani umeme unazunguka kupitia nyaya za ardhini za vifaa vyenu. Chomeka laptopu, miksa na spika kwenye soketi moja. Ukibaki, kodi DI boksi, kile kiboksi cha kuunganisha laptopu na miksa kinachokata mvumo, iko kwa wapiga muziki wa kanisani. Ila mtu asikate pini ya ethi.