Naomba ushauri: vazi la shujaa na viwango vya badiliko

Walimu wenzangu, habari za kazi. Nafundisha hisabati kidato cha tano hapa Mbeya. Mwanafunzi wangu alichora shujaa mwenye vazi linalojaa hewa hadi kuwa tufe, nikaona hapo ndipo pa kuanzishia kalkulasi, yaani hisabati ya kasi ya mabadiliko.

Nikawapa: nusukipenyo inakua sentimita 2 kila sekunde. Ikifika sentimita 50, ujazo unaongezeka kwa 4π × 50² × 2 (eneo la uso wa tufe mara kasi ya nusukipenyo), yaani karibu lita 63 kwa sekunde. Ilipokuwa sentimita 25, ilikuwa robo tu ya hizo.

Kukokotoa wanaweza. Kinachoninyima usingizi ni swali la binti mmoja: "Mwalimu, kama nusukipenyo inakua kwa mwendo uleule, mbona hewa inazidi kuhitajika?" Nikamjibu kwa fomula, na usoni nikaona hajaridhika. Ana haki kabisa.

Nafikiria kwenda na kitunguu darasani: ganda la nje lina eneo kubwa kuliko la ndani hata unene ukilingana, hivyo kulijaza kunataka hewa zaidi. Je, mliofundisha mada hii, kitunguu kinatosha, au nianze na puto na grafu? Kipindi ni Alhamisi.