Naomba ushauri: tunapelekaje wazo la utafiti wizara ya ulinzi bila kuwa na mtu ndani?

FundiBeringi: Wakuu, heshima kwenu. Tuko watatu, tuna kikampuni kidogo. Tumetengeneza kifaa kinachosikiliza mlio wa beringi na kutambua kuwa inakaribia kufa kabla haijaleta hasara. Tumekijaribu kwenye pampu na malori ya raia, kinafanya kazi. Tukaona jeshi lenye magari mengi litakihitaji, tukaandika andiko la kurasa 34 na kulituma kwenye barua pepe ya wizara. Huu ni mwezi wa saba tangu tutume, kimya. Mwenzangu mmoja anasema bila mtu ndani tunatwanga maji kwenye kinu. Mwingine anaogopa tumeshaibiwa. Tufanyeje?

Mzabuni_Mstaafu: Mkuu, hizo kurasa 34 nani alikuomba? Ile barua pepe ya jumla anaipokea karani, hana fungu la fedha wala mamlaka ya kukujibu. Tafuta mlango uliowekwa kwa kazi hiyo. Uingereza, kwa mfano, walianzisha DASA, kitengo cha kusaka ubunifu wa ulinzi na usalama, mwaka 2016, na ilikuwa na njia mbili: mwito wa wazi, unaleta wazo lako mwenyewe, na mashindano ya mada, wizara inataja tatizo nanyi mnaleta majibu. Marekani walianzisha SBIR, mpango wa serikali wa kufadhili utafiti, mwaka 1982 kwa kampuni ndogo za kwao: awamu ya kwanza ni kuthibitisha kuwa wazo linawezekana, ya pili ni kulitengeneza. Kwa DARPA, shirika la utafiti la wizara ya ulinzi ya Marekani, unashauriwa kutanguliza muhtasari mfupi. Wakisema halifai, umepoteza wiki, hujapoteza mwaka.

Bint_Maabara: Nimewahi kupitia maandiko ya namna hii. Mengi huanza na "kifaa chetu cha kisasa", na hapo msomaji ameshachoka. George Heilmeier, aliyeongoza DARPA miaka ya 1970, aliacha maswali ambayo hadi leo yanatumika: unataka kufanya nini, ukisema bila istilahi? Leo kazi hiyo inafanywaje, na inakwama wapi? Kipya chako ni kipi? Nani atajali ukifaulu? Hatari ni zipi, gharama na muda ni kiasi gani, na tutajuaje katikati ya safari kuwa mnafika? Hilo la mwisho ndilo linaloangusha wengi, maana wanaahidi matokeo mwishoni tu.

Kobe_Mpole: Huyo wa "mtu ndani" muogope kuliko wizara. Kesho atakuletea dalali anayetaka asilimia.

Mzabuni_Mstaafu: @Kobe_Mpole 😂 Kweli kabisa. Unayemhitaji ni mtumiaji, yule fundi wa karakana ya jeshi anayelala chini ya lori. Nenda kwenye siku za wazi wanazoitia wazabuni, uliza, sikiliza.

WakiliWaKijiweni: Kuhusu wizi: ombeni hataza (patent) kabla ya kumwaga kila kitu. Kwenye andiko elezeni kifaa kinafanya nini na ushahidi wa majaribio. Siri ya hesabu ambazo kifaa kinatumia kuutambua mlio ibaki nyumbani. Kurasa zenye siri ziwekeeni alama. Halafu someni kipengele cha miliki ubunifu kwenye mkataba. Mara nyingi mbunifu anabaki na umiliki, serikali inapata haki ya kutumia. Pia ulizeni mapema kuhusu upekuzi wa wafanyakazi na vibali vya kuuza nje, maana kifaa kikiingia orodha ya zana za kijeshi, mteja wa ng'ambo hauziwi hivihivi.

FundiBeringi: Asanteni sana. Nimeandika upya mstari wa kwanza: "Kifaa chetu kitapunguza kuharibika kwa magari ya jeshi."

Bint_Maabara: Bado, ndugu yangu. Gari gani, linaharibikia wapi, na leo fundi anajuaje? Na hicho kifaa kinatuma taarifa kwa redio? Kama ndiyo, sema namna ya kukizima. Gari linalorusha mawimbi vitani linajitangaza kwa adui.

FundiBeringi: Duh. Kinatuma kila sekunde 5. Ngoja nirudi karakana.