Kikundi cha Ukoo, Mwisho wa Reli (Kigoma): migebuka minane

Jumapili, 19:06

Baba Zuhura: Umeme umekatika Mwanga. Mbio zilibakisha mizunguko kumi na miwili. KUMI NA MIWILI jamani

Shangazi Mwajuma: Na huku Ujiji giza. Mbio zipi tena, za mwenge?

Hamisi: 😂😂😂

Baba Zuhura: Formula 1 dada. Magari.

Shangazi Mwajuma: Aaa yale yanayozunguka yakarudi palepale. Bora treni, inachelewa lakini Tabora unafika

Mama Zuhura: Hamisi uko wapi?

Hamisi: Nipo kibarazani mama

Mama Zuhura: Na pikipiki ya baba yako?

Hamisi: Ipo kibarazani pia

Mama Zuhura: Mmekaa pamoja mnafanya nini?

Zuhura (Dar): Mama muache kidogo 😂 Baba usinune. Wenye chaji tucheze kweli au uongo, mambo ya hizo mbio zako. Atakayekosea anadaiwa samaki mmoja, mgebuka, tunakula kwa Babu Jumapili ijayo nikija. Shangazi ashike daftari

Shangazi Mwajuma: Mkavu au mbichi?

Zuhura (Dar): Mkavu

Shangazi Mwajuma: Daftari ninalo. Leteni

Zuhura (Dar): La kwanza. Mwaka 2004 kule Monaco kuna timu ilipachika almasi halisi kwenye pua ya gari, gari likagonga mzunguko wa kwanza tu, na almasi haijaonekana hadi leo. Kweli au uongo?

Hamisi: Uongo

Shangazi Mwajuma: Uongo mtupu. Nani mwenye akili afunge almasi kwenye bampa

Baba Zuhura: Kweli! Timu ya Jaguar. Dereva Christian Klien

Zuhura (Dar): Kweli. Ilikuwa tangazo la biashara, magari yao mawili, kila moja na almasi yake. Thamani ya ile iliyopotea inatajwa dola laki tatu hivi. Klien akaingia ukutani mzunguko wa kwanza. Sasa mbio zikiendelea timu hairuhusiwi kuingia barabarani kufuata gari, ikabidi wasubiri mpaka ziishe. Walipolifikia, pua tupu

Shangazi Mwajuma: Subiri. Gari limekaa saa nzima na zaidi na almasi puani, watu wamejaa, na hakuna aliyeona?

Baba Zuhura: Ndiyo hivyo

Shangazi Mwajuma: Aliyeokota anajua. Sisi kule sokoni Kibirizi ukiangusha dagaa mmoja chini unaulizwa ni wa nani

Mama Zuhura: Na mwenye daftari naye anaandikwa?

Shangazi Mwajuma: Nimeshajiandika. Hamisi 1, Mwajuma 1. Mimi sidhulumu mtu

19:21

Baba Zuhura: Zamu yangu. Tairi zote nne za gari hizo ziliwahi kubadilishwa kwa sekunde moja na nukta nane

Mama Zuhura: Uongo

Hamisi: Kweli

Shangazi Mwajuma: Uongo. Fundi gani? Corolla ya marehemu shemeji imekaa kwenye gereji yako tangu mwezi wa pili kwa sababu ya tairi MOJA

Baba Zuhura: Ile ni beringi dada si tairi. Na spea haijafika

Zuhura (Dar): Kweli. McLaren, Qatar, 2023, gari la Lando Norris. Sekunde 1.80

Baba Zuhura: Nieleze ili msiseme fundi wenu mvivu. Kwanza gurudumu lao lina nati MOJA katikati, si nne wala tano kama zetu. Pili, kila gurudumu lina watu watatu: mmoja ana mashine ya kufungua na kufunga, mmoja anatoa tairi kuukuu, mmoja anaingiza mpya. Hapo ni kumi na wawili. Ongeza wa jeki ya mbele na jeki ya nyuma, na wanaolishika gari lisitikisike. Karibu watu ishirini kwa gari moja. Na wa jeki ya mbele anasimama pale gari linamjia kifuani, hakimbii

Baba Zuhura: Mimi gereji nina nani? Nina Hamisi. Na Hamisi ukimwambia leta spana ya 14 anakuletea 17 na chapati

Hamisi: Chapati ulitaka mwenyewe

Shangazi Mwajuma: Mwajuma 2, mama Zuhura 1. Beringi nimeisikia, bado nataka gari

Hamisi: Zamu yangu sasa. Kuna dereva aliingia Formula 1 akiwa na miaka 17 na hana leseni ya barabarani. Na baadaye akawa bingwa wa dunia mara nne. Kweli au uongo. Mama ajibu

Mama Zuhura: UONGO

Hamisi: 😎

Baba Zuhura: Hamisi...

Zuhura (Dar): Mama pole. Kweli. Max Verstappen, Mholanzi, Australia mwaka 2015. Leseni ya kawaida aliipata alipofikisha miaka 18, tayari alikuwa ameshakimbiza magari hayo miezi kadhaa. Na 2016 akashinda mbio za Hispania akiwa na miaka 18, hakuna aliyeshinda mdogo kuliko yeye

Hamisi: Nilikuwa nasema tu. Mimi pia nina miaka 17. Gungu na kurudi, sio Australia

Mama Zuhura: Zuhura, wakubwa wa hizo mbio walisemaje?

Zuhura (Dar): Hapo sasa. Leseni ya mashindano alikuwa nayo. Lakini kuanzia 2016 wakaweka sheria, dereva mpya awe na miaka 18 na leseni ya barabarani

Mama Zuhura: Kwa hiyo hata huko Ulaya walimwona mtoto wa watu wakakaa kikao

Baba Zuhura: Walikaa

Mama Zuhura: Basi na mimi nimekaa kikao. Niandikeni mgebuka wangu, ni halali. Ufunguo wa pikipiki ninao kwenye kanga

Shangazi Mwajuma: Mama Zuhura 2. Umeshinda ukiwa umeshindwa wifi yangu

19:38

Zuhura (Dar): Haraka haraka. Magari ya Formula 1 hayana gia ya kurudi nyuma

Hamisi: Kweli, yatarudi nyuma wapi

Baba Zuhura: Uongo. Rivasi ni lazima kwa sheria

Zuhura (Dar): Uongo ndiyo jibu

Shangazi Mwajuma: Hamisi 2

Zuhura (Dar): Nyingine. Dereva aliwahi kutumbukia baharini na gari lake katikati ya mbio akatoka mzima

Mama Zuhura: Uongo, jamani hizi ni hadithi za kwenye mtumbwi

Shangazi Mwajuma: Hapo mbio zinapofanyika pana bandari?

Zuhura (Dar): Ipo, barabara inapita kandokando ya maji

Shangazi Mwajuma: Basi kweli. Penye maji na watu wenye haraka, mmoja ataingia tu

Zuhura (Dar): Kweli. Alberto Ascari, Mwitaliano, bingwa wa dunia 1952 na 1953. Monaco, Mei 1955. Alitoka kwenye handaki, gari likamshinda, akapita vizuizi akazama bandarini. Akaibuka juu mwenyewe, wakampandisha kwenye boti

Shangazi Mwajuma: Alhamdulillahi

Baba Zuhura: Usishukuru bado dada

Zuhura (Dar): Siku nne baadaye alikwenda Monza kuangalia wenzake wakijaribu gari, akaomba azungushe kidogo. Helmeti yake ya bluu, ambayo hakuwa anakubali kuendesha bila yake, ilikuwa kwa fundi. Akaazima ya mwenzake. Akafa hapo. Alikuwa na miaka 36, na baba yake naye alikuwa dereva, alikufa kwenye mbio mwaka 1925 na miaka 36 hiyohiyo

Shangazi Mwajuma: Innalillahi wainna ilayhi rajiun

Mama Zuhura: Mungu awapumzishe

Baba Zuhura: Lakini si helmeti iliyomuua jamani. David Coulthard aliazima helmeti ya Schumacher hapohapo Monaco 1996, yake ilikuwa inashika ukungu mvua inanyesha. Akamaliza wa pili. Na siku ile magari yaliyovuka mstari yakiwa bado yanatembea yalikuwa matatu tu! Mshindi Olivier Panis, alianzia nafasi ya 14. Niliiangalia kwa jirani, televisheni ya betri ya gari

Mama Zuhura: Betri ya gari la mteja

Baba Zuhura: Ilirudishwa

Shangazi Mwajuma: Mama Zuhura 3. Hamisi, uliyemsikia ni bingwa na helmeti alivaa. Wewe hata ya kuazima huvai

19:52

Babu: [sauti, dakika 1:40]

Hamisi: Babu mimi sina bando la sauti

Zuhura (Dar): Nimesikiliza, naandika. Babu anasema: "Mnataja Wazungu watupu. Bingwa wa dunia kutoka Afrika yupo. Tena kabla ya ubingwa alishinda kwa gari la magurudumu sita. Haya, kweli au uongo, huyo fundi wenu ajibu."

Baba Zuhura: Baba shikamoo. Kwa heshima zote, magurudumu sita ni Scania. Uongo

Hamisi: 😬

Zuhura (Dar): Babaaa

Baba Zuhura: Nini

Zuhura (Dar): Jody Scheckter, wa Afrika Kusini. Bingwa wa dunia 1979 na Ferrari. Na 1976 alishinda mbio za Uswidi kwa Tyrrell P34. Magurudumu sita. Manne madogo mbele, mawili makubwa nyuma. Natuma picha

Zuhura (Dar): [picha]

Hamisi: Hii ni bajaji mbili zimegongana kwa mbele

Baba Zuhura: Ala. Na usukani unageuza yote manne?

Zuhura (Dar): Yote manne. Walitaka tairi ndogo zijifiche nyuma ya pua, upepo usizipige. Lakini tairi ndogo kiasi hicho zilitengenezwa kwa timu yao peke yao, hazikuboreshwa kama za wengine, wakaliacha. Baadaye sheria ikasema magurudumu ni manne, basi

Baba Zuhura: Nimeanza kuangalia enzi za Schumacher mimi, haya ya nyuma sikuyakuta. Baba umeyajuaje?

Babu: [sauti, sekunde 22]

Zuhura (Dar): Anasema alikuwa stesheni, gazeti la zamani lilikuja na treni limefungia sabuni, akaona picha. Akadhani wamekosea kuchapa. Alilihifadhi mpaka panya wakalila

Shangazi Mwajuma: 😂😂 Baba Zuhura 1. Mwalimu kaanguka mtihani

Babu: NIMEJIFUNZA KUANDIKA SASA. NA SAFARI RALI ILIANZA 1953 IKIPITA KENYA UGANDA NA TANGANYIKA. MSISEME HATUKUWA NA MBIO

Mama Zuhura: Shikamoo baba. Herufi zako kubwa sana

Babu: MACHO YANGU NAYO

20:04

Shangazi Mwajuma: Na wanawake? Au wao kazi yao kushika miamvuli

Zuhura (Dar): Yupo mmoja aliyewahi kupata pointi. Lella Lombardi, Mwitaliano, Hispania 1975. Nusu pointi

Shangazi Mwajuma: Nusu??

Zuhura (Dar): Alimaliza wa sita, wa sita alikuwa anapata pointi moja. Ila mbio zilikatishwa baada ya gari kuruka na kuua watu, kwa hiyo pointi za wote zikagawanywa nusu. Hadi leo hakuna mwanamke mwingine aliyepata hata hiyo nusu

Shangazi Mwajuma: Basi kwa heshima ya huyo dada, kila mwanamke kwenye daftari hili alipe nusu

Baba Zuhura: Haipo kwenye sheria

Shangazi Mwajuma: Daftari la nani?

Baba Zuhura: ...

Hamisi: Ya mwisho jamani, hii nimeikuta sasa hivi. Bingwa wa dunia aliishiwa mafuta mzunguko wa mwisho, akashuka akasukuma gari mpaka mstari wa mwisho, na ubingwa akaupata

Baba Zuhura: Kweli. Jack Brabham, Mwaustralia, Sebring Marekani, 1959. Alimaliza wa nne. Akaanguka chini hoi, bingwa wa dunia

Mama Zuhura: Hii naiamini. Nimeiona kwa macho yangu, wewe na pikipiki, kutoka stesheni kupanda Mwanga, mvua inanyesha, mimi nimekaa juu

Baba Zuhura: Ulikataa kushuka

Mama Zuhura: Nilikuwa na mimba ya Hamisi

Hamisi: Kumbe nilianza mbio mapema

20:11

Baba Zuhura: UMEMEEEE

Baba Zuhura: Nimewasha. Wanamwagiana shampeni. Hata aliyeshinda sijamtambua, amelowa uso wote

Zuhura (Dar): Pole baba 😂 Na huo mtindo wa kumwagiana alianza dereva Dan Gurney, mbio za Le Mans 1967. Wa kumlaumu ni yeye

Shangazi Mwajuma: Nafunga hesabu. Mama Zuhura 3. Hamisi 2. Baba Zuhura 1. Mimi 2. Jumla migebuka minane. Nusu ya wanawake nimeifuta, tusije tukachinjana kwa Babu. Wote mnajua pa kununulia

Baba Zuhura: Wapi?

Shangazi Mwajuma: Kwangu. Kibirizi, kizimba kilekile. Bei ya wageni

Baba Zuhura: Dada! Kwa hiyo muda wote huu unatuandika ulikuwa unauza?

Shangazi Mwajuma: Nilishika daftari nililopewa

Zuhura (Dar): Na miwili yako shangazi, unanunua kwa nani?

Shangazi Mwajuma: Najikopesha. Najiamini

Babu: MIMI NALETA MAWESE. UGALI UWE WA MUHOGO

Mama Zuhura: Sawa baba

20:26

Mama Zuhura: Hamisi

Mama Zuhura: Hamisi kibarazani hakuna pikipiki

Baba Zuhura: Si ufunguo unao kwenye kanga?

Mama Zuhura: Ninao. Ndiyo maana nauliza

Hamisi: Nimetangulia kwa Shangazi kufuata migebuka mama. Sijaiwasha. Naisukuma tu, kama yule wa Marekani