Mrejesho: mwanafunzi mwenye usonji katika darasa la awali

Wapendwa walimu na wazazi, mwanzoni mwa muhula niliomba ushauri kuhusu mwanafunzi wangu wa darasa la awali mwenye usonji (hali ya ukuaji inayoathiri mawasiliano na uhusiano na wengine), aliyekuwa akijitenga wakati wa michezo na kuondoka kila tulipoanza hadithi. Nawashukuru kwa dhati nyote mlionijibu.

Niliufuata hasa ushauri wa mwalimu aliyenieleza mpango wa LEAP, ulioanzishwa na Phillip Strain huko Pittsburgh, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambamo watoto wasio na usonji hufundishwa waziwazi namna ya kumwita mwenzao, kumpa kifaa cha kuchezea, kupendekeza mchezo na kurudia bila kuchoka asipoitikia. Niliwafundisha wenzake wawili kwa maigizo mafupi, nikiwasisitizia wamsubiri badala ya kumjibia, na nadhani kusubiri huko ndiko kulikosaidia kuliko yote. Sasa hupanga nao vizibo vya chupa, na huketi na mmoja wao kufunua kurasa za kitabu, akionyesha picha inayotajwa.

Kusoma silabi pamoja na darasa zima hakukufanikiwa, kwa kuwa sauti za watoto wakiitikia humfanya azibe masikio. Tumehamishia kadi za silabi kwenye kona tulivu, ambako ameanza kuoanisha "ma" na picha ya maji. Uwanjani wakati wa mapumziko bado hukaa pembeni. Aliyependekeza kubadilisha wenzake kila siku naomba ajue kwamba kwa mtoto huyu jambo hilo lilizidisha wasiwasi, hivyo nimewarudisha wale wale wawili.