Barua ya kivuko cha shule: gumzo la kikundi cha mtaa, Dodoma

Mwenyekiti wa Mtaa, saa 12:40 jioni
Ndugu wakazi, habari za jioni. Kama tulivyokubaliana katika mkutano wa Jumamosi, ofisi ya mtaa itaandika barua kuhusu usalama wa watembea kwa miguu na waendesha baiskeli kwenye barabara yetu, kuanzia njia panda ya sokoni hadi geti la shule ya msingi. Barua itapitia kwa mtendaji wa kata ili iingie kwenye kikao cha Kamati ya Maendeleo ya Kata. Kila mwenye hoja aiandike hapa leo, na ninaomba matangazo ya kuku, viwanja na vikoba yasubiri mpaka kesho.

Fundi Baiskeli
Mwenyekiti, asante kwa kuanza. Watu wengi hudhani kwamba baiskeli inayoletwa kwangu ikiwa imepinda rimu imegongwa na gari, lakini nyingi hazijagongwa na kitu chochote. Mwendeshaji anasikia honi nyuma yake, anashuka kwenye lami ili kuokoa maisha, na hapo karibu na mashine ya kusaga gurudumu la mbele linadumbukia, kwa sababu maji ya mvua yamekula bega la barabara, yaani ukanda wa pembeni ya lami, mpaka ukingo wa lami umebaki juu kama ngazi. Leo mchana nimesimamisha kiganja changu pale, na ncha ya kidole cha kati ndiyo iliyolingana na lami. Mtu aliyefunga madumu mawili ya maji kwenye keria hawezi kushuka urefu huo na kubaki amekaa. Muuza maziwa mmoja alianguka hapo wiki iliyopita, na maziwa yote yakaishia mtaroni.

Baba Neema
Poleni kwa yote, lakini naomba tuseme na upande wa pili. Mimi hurudi kutoka Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, saa 1 usiku, nikiwa nimechoka, na ninakutana na baiskeli isiyo na taa mbele wala kiakisi mwanga nyuma, imebeba magunia ya mkaa meusi ndani ya giza. Watu wanavuka popote wanapojisikia. Kabla hatujaidai serikali, je, sisi wenyewe tumefuata sheria? Na ikiwa jawabu litakuwa ni matuta mengine, nitaomba mtaa uchangie shokapu zangu.

Mama Mwalimu
Baba Neema, kuhusu taa nakuunga mkono, na wala hilo halihitaji barua. Kuhusu kuvuka popote, naomba uje usimame nami asubuhi moja. Jana nilikaa kwenye benchi la duka la dawa tangu saa 12:15 hadi saa 1:15, nikiwa na daftari, nikipiga mstari mmoja kwa kila mtoto. Ukurasa uliisha kabla mlinzi wa shule hajafungua geti, nikaendelea nyuma ya jalada. Watoto hawa hawatembei barabarani kwa utundu. Hutembea juu ya mifuniko ya zege ya mtaro, mmoja nyuma ya mwingine kama siafu, mpaka wanapofika mbele ya duka la dawa, ambako mifuniko mitatu haipo. Hapo mstari mzima unakunja kulia na kuingia kwenye lami, unatembea hatua nane au tisa ukiwa umeyapa magari mgongo, kisha unarudi kwenye mifuniko. Wakubwa huwashika wadogo mikono bila kuambiwa. Mwezi Juni na Julai jua linapochelewa kuchomoza, jambo hilo hufanyika gizani.

Mama Zawadi
Shikamoo Mwalimu. Mifuniko hiyo mitatu nakumbuka iliondolewa ili mtaro uzibuliwe kabla ya mvua, na waliokuja kuzibua hawakurudi kuifunika. Vipande vya mmoja vipo nyuma ya kibanda cha chipsi mpaka leo.

Mama Mwalimu
Marahaba, mwanangu. Basi hilo liandikwe hivyo hivyo.

Binti Mhandisi
Shikamooni wazazi. Samahani, ndiyo kwanza natoka kazini. Naomba kuanza na anwani ya barua, maana barua nyingi hufia hapo. Barabara kuu, kama hizi zinazotutoa Dodoma kwenda Morogoro, Iringa, Singida na Arusha, pamoja na barabara za mkoa, zipo chini ya TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania. Barabara yetu ni ya mtaa, na tangu mwaka 2017 barabara za namna hii, za mijini na vijijini, zinasimamiwa na TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Halmashauri ya Jiji haitengenezi lami yetu tena, ila ndiyo inayopanga matumizi ya ardhi, masoko na maeneo ya biashara ndogo. Kwa hiyo mifuniko, bega la barabara na kivuko ni maombi kwa TARURA, ilhali suala la meza za biashara na vijiwe lielekezwe Jiji. Tukiyachanganya katika aya moja, kila ofisi itasoma sehemu ya mwenzake na kuona haihusiki.

La pili ni mwendo. Sheria yetu inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi, na wengi tunauona mwendo huo kuwa wa polepole. Kwa kilomita 50 gari linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Dereva mzuri, asiyeshika simu, hutumia kama sekunde moja tangu kumwona mtoto hadi mguu kukanyaga breki, na katika sekunde hiyo gari limeshakula mita 14 bila kupungua hata kidogo. Kwa kilomita 30 linakula mita 8 na kidogo. Isitoshe, nguvu ya kugonga haiongezeki sawasawa na mwendo, bali kwa mwendo uliozidishwa kwa wenyewe: ukilinganisha 50 na 30, nguvu inakaribia mara tatu. Tofauti ya mtoto kuvunjika mguu na mtoto kuzikwa ipo hapo.

Baba Neema
Mita 14 ni kutoka lango langu hadi kwa Mama Zawadi. Sikuwahi kulifikiria hivyo.

Mama Zawadi
Na mimi niko hapo na nyanya zangu kila siku, shemeji!

Kaka wa Kijiwe
Heshima kwenu wakubwa. Najua tunaelekea wapi, kwa hiyo naomba nijitetee mapema. Sisi wa bodaboda tumepaki kwenye njia ya watembea kwa miguu pale njia panda, ni kweli, na watu wanalazimika kutuzunguka kwa kupita barabarani. Lakini tulikuwa upande wa pili chini ya mwarobaini, tukaondolewa fremu zilipojengwa, na hakuna aliyetuonyesha pa kwenda. Tukipewa nafasi ya pikipiki kumi, hata ya vumbi, nahakikisha vijana wangu wanahama siku hiyo hiyo. Ila tukifukuzwa bila kuonyeshwa pengine, tutarudi jioni, na nasema hivi bila ubishi wowote.

Mama Zawadi
Na mimi niseme yangu. Meza yangu ipo juu ya mifuniko ya mtaro kwa sababu wanunuzi wangu ni hao hao wanaotembea. Mwenye gari hashuki kununua fungu la nyanya, huyo anakwenda Soko la Job Ndugai. Nikirudishwa nyuma hatua mbili, mpaka kwenye ukuta, njia itabaki na wateja watabaki. Kinachonitisha ni kupelekwa mahali ambako hapiti mtu.

Mwenyekiti wa Mtaa
Nimewasikia wote wawili, na hoja hizi ni za msingi. Kiwanja kilicho nyuma ya ofisi ya mtaa kinaweza kuchukua pikipiki hizo, nitalizungumza na mtendaji. Meza za mboga zirudi hatua mbili kuanzia Jumatatu, hilo tunaliweza wenyewe bila kusubiri Jiji. Tuendelee.

Mzee wa Zabibu
Mbukwenyi, ndugu zangu. Nimesoma kimya kimya nikisubiri mjukuu anikuzie maandishi. Naendesha baiskeli katika mji huu tangu ukiwa kituo cha reli chenye vumbi na mashamba. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulipotolewa mwaka 1973, ikaundwa CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, na mwaka 1976 kampuni ya washauri kutoka Toronto, Kanada, ikakabidhi mpango mkuu wa mji. Nilifanya kibarua cha kubeba vigingi vya wapimaji, kwa hiyo maneno ya mpango ule nilikuwa nikiyasikia kila siku. Mji ulikusudiwa kuwa wa mtu anayetembea, anayepanda baiskeli na anayepanda basi, basi lenye njia yake. Makazi yalipangwa kwa vitongoji, ili shule, soko na zahanati viwe umbali wa kutembea. Gari binafsi lilikuwa la mwisho katika mawazo yao, maana tulikuwa nchi ya Ujamaa, na nani alikuwa na gari?

CDA ilivunjwa mwaka 2017, kazi zake zikaingia halmashauri, mwaka uliofuata tukawa Jiji. Wizara zimekuja, magari yamekuja nazo. Sina ugomvi na magari. Ninachotaka Mwenyekiti akiandike ni kwamba tunapoomba njia ya miguu hatuombi anasa iliyoletwa juzi kutoka ng'ambo. Tunaomba kilichokuwa kimechorwa kwenye karatasi za mji huu kabla wengi wenu hamjazaliwa.

Binti Mhandisi
Babu, hilo chuoni tulifundishwa kwa ramani tu, sikujua kwamba kuna aliyebeba vigingi mtaani kwetu. Nitakuja na daftari.

Narudi kwenye kivuko. Ninaomba tusiandike neno "zebra" peke yake. Rangi ikipakwa juu ya lami yenye vumbi letu hili, kwa jua la Dodoma na matairi ya kila siku, haikawii kufifia, na hata ikiwa mpya dereva anaweza kuipita bila gari kumwambia lolote. Tuombe kivuko kilichoinuliwa, yaani tuta pana lenye sehemu bapa juu, na mistari ya kivuko ikiwa juu ya ubapa huo. Mtoto anavuka kwa usawa wa njia ya miguu, dereva anapunguza mwendo apende asipende, na Baba Neema akipita kwa mwendo unaotakiwa shokapu zake hazitadhurika. Zinazoharibu magari ni zile nundu kali ambazo watu hujenga kwa udongo na mawe usiku baada ya msiba. Dar es Salaam kazi ya namna hii imefanyika kwenye shule za msingi kupitia SARSAI, mpango wa usalama wa barabara za shuleni wa shirika la Amend: njia za miguu, matuta, alama, nguzo fupi za kuzuia magari yasipande njia ya watoto. Mwaka 2019 mpango huo ulishinda tuzo ya kimataifa ya miji ya taasisi ya WRI (World Resources Institute), na vifaa vyake ni vya kawaida kabisa.

Mama wa Kona
Naomba msimsahau mume wangu. Anatumia kiti cha magurudumu, na kutoka kwetu hadi zahanati mifuniko mitatu isiyokuwepo kwake ni sawa na ukuta, kwa hiyo ninamsukuma barabarani. Kivuko kikiinuliwa bila kuacha mteremko wa kushukia upande wa pili, kwetu kitakuwa hakijajengwa.

Binti Mhandisi
Umesema jambo ambalo hata kwenye michoro husahauliwa, mama. Nitaliandika kwa kipimo.

Baba Neema
Basi nami nirekebishe kauli yangu. Kivuko hicho nakiunga mkono. Ninaomba tuongeze na taa za barabarani kutoka sokoni hadi shuleni, kamera za mwendo, na ikiwezekana lami ipanuliwe.

Fundi Baiskeli
Kaka, tukipanua lami bila kuacha njia ya baiskeli, tumewapanulia wanaokimbia. Kwanza tuzibe ngazi ile ya mashine ya kusaga.

Mama Mwalimu
Nami naona hivyo. Barua yenye maombi kumi na tano husomwa kama risala, watu hupiga makofi na kuiweka kabatini. Tuombe vitatu, kila kimoja kikiwa na mahali pake na kipimo chake: mifuniko mitatu, bega la barabara lililoliwa, na kivuko kilichoinuliwa mbele ya geti chenye mteremko pande zote mbili. Taa tuziandikie barua nyingine. Na tuiwahi hii, kwa kuwa mwaka wa fedha huanza Julai 1 na vipaumbele huanza kukusanywa mitaani miezi mingi kabla. Ombi linaloingia bajeti ikiwa imefungwa husubiri mwaka mzima, na mtoto wa darasa la kwanza atakuwa la pili.

Mwenyekiti wa Mtaa
Nakubaliana na vitatu. Kesho asubuhi saa 12:00 tukutane mbele ya duka la dawa tupime kabla magari hayajawa mengi: Mama Mwalimu na daftari lake, Binti Mhandisi, Fundi, Kaka wa Kijiwe na vijana wawili wa kusimamisha bodaboda. Mzee, wewe usije na baridi hii, tutakuletea rasimu nyumbani.

Mzee wa Zabibu
Nitakuja kwa baiskeli. Nitapitia ukingoni mwa ile mashine nikiwa nimeshuka, msiwe na wasiwasi.

Baba Neema
Nitafika na gari, niliegeshe kwa juu nikiwa nimewasha taa za dharura, liwakinge mnapopima.

Binti Mhandisi
Nashukuru sana. Futi kamba niliyonayo nyumbani ni ya mita 5 tu. Fundi wa ujenzi yeyote humu mwenye ya mita 30 anisaidie, nitairudisha kabla hajaenda saiti.

Mama Zawadi
Mume wangu anayo. Pita kuichukua saa 11:45, nitakuwa nimeshaamka kupanga nyanya, na meza nitakuwa nimeshairudisha ukutani.